Hillary Kiprono Sang, Fundi wa Taa za Mabehewa (1956–2025)

Huyu tunayemlaza leo katika shamba lake hapa Kililana alizaliwa mbali na bahari, mahali ambapo asubuhi huwa na ukungu na baridi ya kuvalia sweta. Mzee Hillary Kiprono Sang alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Londiani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Kimutai arap Sang, mlinzi wa geti pale barabara inapokata reli, na mkewe, Mama Tapsubei. Jina Kiprono alipewa kwa sababu alizaliwa jioni, mbuzi wakirudi nyumbani. Nyumba yao ilikuwa hatua arobaini tu kutoka relini. Alipenda kusema kwamba treni ikipita vikombe viliongea kabatini, na kwamba hadi uzeeni, usingizi ukianza kumchukua, alivisikia vile vikombe.

Mama Tapsubei alifariki mwaka 1962, Hillary akiwa na miaka sita. Kwa muda wa nusu karne Mzee hakulizungumza jambo hilo mbele ya watoto wake. Alikuwa na picha moja tu ya mama yake, imepauka hata uso hauonekani vizuri, na aliiweka ndani ya Biblia. Watoto walijua wasiulize.

Alisoma shule ya msingi karibu na stesheni ya Londiani kuanzia 1963 hadi 1970, kisha sekondari ya bweni upande wa Kericho hadi 1974. Shuleni hapo hapakuwa na umeme. Wanafunzi walisoma jioni kwa mwanga wa karabai, na Hillary ndiye aliyechaguliwa kuziwasha. Alikuwa akizifuta vioo mchana, anabadilisha utambi, anazipanga kwa safu kama mayai. Rafiki yake wa wakati huo ametuandikia kwamba katika miaka miwili ya zamu yake, hakuna darasa lililokaa gizani hata jioni moja. Ametuandikia pia kwamba Hillary alikuwa wa mwisho katika kuimba, na sisi tuliomsikia kanisani hatuna sababu ya kubisha.

Mwaka 1975 aliingia mafunzo ya ufundi umeme wa reli jijini Nairobi, na mwaka 1978 akapangiwa karakana ya mabehewa ya abiria. Wengi hudhani taa za behewa zilipata umeme kutoka kwenye kichwa cha treni. Sivyo. Chini ya kila behewa kulikuwa na dainamo iliyozungushwa na ekseli, pamoja na betri nzito zilizochajiwa safarini. Treni ikisimama, dainamo husimama pia, betri hushika kazi, na abiria aliyeshika gazeti lake hata hajui kuna kilichobadilika. Mzee alizitunza betri hizo kwa miaka ishirini na moja. Alisema kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayeikumbuka kazi yake.

Mtu mmoja aliikumbuka. Jioni ya tarehe 18 Desemba 1982, treni ya Kisumu ikiwa bado imesimama stesheni ya Nairobi, taa za chumba kimoja cha daraja la pili zilikataa kuwaka. Hillary aliitwa. Alipoingia alisikia sauti ya mwanamke gizani.

"Fundi, umekuja kutengeneza ama kututazama?"

"Nimekuja kutengeneza, dada. Ila nina mikono miwili na hapa panatakiwa mitatu. Nishikie tochi."

Aliyeshika tochi alikuwa Nerea Atieno, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akienda kwao kwa Krismasi. Aliishika kwa dakika kumi bila kutikisika. Taa zilipowaka alimtazama fundi, akacheka. "Kumbe ni kijana! Kwa sauti nilidhani ni mzee wa kustaafu." Hillary aliandika anwani yake nyuma ya karatasi ya boksi la balbu, akampa, akashuka treni ikiwa tayari inaondoka. Walifunga ndoa kanisani Kisumu tarehe 8 Desemba 1984. Mungu aliwajalia watoto wawili: Jepchirchir mwaka 1986, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na Crispus mwaka 1989.

Mwaka 1999 karakana ilipunguza watu, na Mzee akawa miongoni mwao. Januari iliyofuata Mama Nerea alihamishiwa Lamu akiwa muuguzi. Mzee alimfuata mwezi wa Aprili, akashuka Mokowe akiwa na sanduku la vifaa vya umeme na koti la baridi ambalo hakulivaa tena maishani. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na alikuwa amefika kwenye kaunti isiyo na hata mita moja ya reli. Mwaka 2001 alipata kazi ya kufundisha umeme katika chuo cha ufundi kisiwani Lamu, na hapo akawa Mwalimu Hillary hadi alipostaafu mwaka 2016. Mwanzoni familia iliishi mjini, kisha mwaka 2008 ikahamia hapa Kililana, na Mzee akawa anavuka kwa boti kila asubuhi, begi la vifaa mapajani.

Mwaka 2003 msichana wa kwanza alijiandikisha katika darasa lake. Alikuwa Bi Radhiya, ambaye leo sote tunamjua kwa duka lake la kutengeneza simu, na ambaye amekaa hapa mbele pamoja na familia kwa sababu ndipo anapostahili kukaa. Siku ya kwanza aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, umeme wanuka?" Wavulana walicheka. Mwalimu hakucheka. "Umeme hauna harufu," alimjibu. "Ukisikia harufu, ujue wewe umekosea." Bi Radhiya anasema aliandika sentensi hiyo ndani ya jalada la daftari.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilijia nyumbani kwetu kulitazama.

Mwezi wa Februari 2009, rafiki wa Mzee, Bwana Bwanamkuu wa Matondoni, alivuka kwa boti, akafika Kililana na sanduku la mbao juu ya punda. Bwana Bwanamkuu alikuwa mtunzaji wa nyumba ya mgeni mmoja aliyekuwa anarejea kwao moja kwa moja, na mgeni huyo alikuwa amemwachia sanduku hilo.

"Mwalimu," alisema, "mna garimoshi humu. Dogo. Mimi garimoshi kubwa siyalipanda, hili dogo nitalifanyani? Wewe ndiwe mwenye nalo."

Ndani, kila kitu kikiwa kimefungwa kwa gazeti, mlikuwa na kichwa kimoja cha treni kinachokaa kiganjani, mabehewa manne ya abiria na vipande vya reli. Mzee aliyapanga juu ya meza ya kulia chakula. Madirisha ya mabehewa yalikuwa madogo kuliko ukucha, na ndani mlikuwa na viti, mlango wa msalani, hata ndoano za kutundikia makoti. Alikaa akiyatazama hadi chai ikapoa. Kisha akaunganisha umeme, akazungusha swichi, na treni ikaanza kwenda. Kadiri ilivyokaza mwendo ndivyo madirisha yalivyong'aa. Mama Nerea alipiga makofi.

Mzee akapunguza mwendo ili treni isimame mbele ya kijistesheni. Taa zikafifia. Treni iliposimama, zikazima kabisa.

Aliinuka, akatoka nje, akakaa shambani peke yake hadi jua likawa kali. Watoto hawakuelewa. Mama Nerea alielewa, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa ameambiwa.

Aliporudi ndani alieleza tatizo kifundi tu. Treni ya aina hiyo hupata mwendo na taa kutoka umeme uleule wa relini. Ukipunguza umeme ili isimame, unazinyima taa pia. "Hii si treni," alisema. "Treni haiwezi kusimama ikawa imekufa." Baada ya majuma kadhaa ya kusoma kwenye kompyuta ya chuo, alikuja na neno jipya nyumbani: dikoda. Alitueleza hivi: katika mfumo wa kidijitali, umeme hukaa relini wakati wote bila kupungua. Amri hupita humohumo relini kutoka kwenye kidude cha mkononi, na dikoda ni chombo kidogo kama punje mbili za mahindi kinachokaa ndani ya behewa kikisikiliza. Kila dikoda ina namba yake. Ikisikia namba yake, hutii: washa, zima, fifisha. Isiposikia, hunyamaza. "Ni kama kondakta," alisema, "asiyeshuka kamwe."

Wa kumtafutia chombo hicho alikuwa Bi Radhiya, ambaye kufikia hapo alikuwa na duka lake na watu wa kumletea vifaa kutoka Nairobi. Walikaa dukani kwa asubuhi nzima wakichagua.

"Mwalimu, kuna yenye sauti," Bi Radhiya alisema. "Yapiga honi, yanguruma, yalia breki."

"Sitaki sauti."

"Kuna ya kuendesha mota na taa pamoya."

"Hiyo ya kwenye kichwa. Kwenye mabehewa nataka ya taa peke yake. Ndogo, isiyo na mota. Lakini iwe na waya nne za taa, si mbili."

"Nne za kazi gani? Wawasha behewa lote, basi."

Mzee alihesabu kwa vidole. "Waya mmoja wa ukumbi," alisema. "Mmoja wa vyumba. Mmoja wa taa nyekundu ya nyuma. Na mmoja wa dirisha la tatu, peke yake."

Bi Radhiya hakuuliza kwa nini dirisha la tatu. Aliandika tu.

Baada ya kuitafuta kwa miaka miwili, dikoda ya kwanza ya behewa ilifika mwezi wa Mei 2011 pamoja na ya kichwa, ikavuka Mokowe ndani ya bahasha. Chuo kilikuwa na siku ya wazazi tarehe 4 Juni, na Mzee, ambaye hakuwa mtu wa haraka, safari hii aliharakisha. Aliifunga dikoda usiku mmoja kabla, akaziacha balbu za zamani mahali pake. Wazazi walijaa darasani, na akina mama wa Matondoni walikuwa wamebeba watoto. Treni ilikwenda, ikasimama, na kwa mara ya kwanza taa zikabaki. Watu walishangilia. Baada ya dakika tatu Bi Radhiya, aliyekuwa amesimama karibu na meza, aliinua uso.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "kwanuka."

Paa la behewa lilikuwa limeanza kulegea kama nta. Mzee alichomoa umeme, akageuka, akawatazama wazazi, wanafunzi na walimu wenzake. Hakutafuta wa kumlaumu. "Nimekosea," alisema. "Balbu hizi za zamani zinakula umeme mara mbili ya ule ambao waya wa dikoda unaruhusu. Nilijua, na sikupima. Mtu akiwauliza kwa nini fundi hupima kabla ya kufunga, mwambieni mlimwona mwalimu asiyepima." Dikoda ile iliyoungua aliipigilia msumari ukutani darasani. Ilibaki hapo hadi alipostaafu, na kwa miaka mitano wanafunzi wapya walianza masomo yao kwa kuitazama.

Safari ya pili alichukua mwaka mzima na zaidi. Alitoa balbu zote, akaweka taa za LED, kwa kuwa zinakula umeme kidogo sana. Nyeupe za kawaida alizikataa. Alisema zinafanya behewa lionekane duka la dawa. Alitaka zenye rangi ya manjano, na hata hizo alizipunguza makali kwa rezista, akajaribu moja baada ya nyingine, akizima na kuwasha, akirudi nyuma hatua tatu kutazama, hadi dirisha likawa na mwanga anaoujua yeye. Dikoda aliificha ndani ya msala wa behewa. "Msalani hakuna anayechungulia," alisema, na hilo ndilo jambo ambalo wajukuu wake hulirudia zaidi kuliko yote. Aliongeza kapasita ndogo ya kuhifadhi umeme, maana hewa yetu ya chumvi huila reli, na penye kutu taa hupepesa. Na kila asubuhi, kabla ya chai, alipitisha kitambaa chenye spiriti juu ya reli, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesali.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Septemba 2012. Bwana Bwanamkuu na Bi Radhiya walivuka kuja Kililana baada ya sala ya Ijumaa. Mama Nerea alikuwa ametoka zamu. Jepchirchir na Crispus walikuwa nyumbani. Mzee alifunga madirisha, chumba kikawa na kiza cha mchana, kile kiza chenye joto. Treni ikaja polepole kutoka pembeni mwa kabati. Madirisha yake yalitupa vijipande vya mwanga ukutani, vikapita juu ya picha, juu ya kalenda, juu ya mikono ya Mama Nerea. Ikafika stesheni. Ikasimama. Taa hazikupepesa. Mzee akabonyeza kitufe kimoja, na vyumba vyote vikafifia taratibu, isipokuwa dirisha la tatu.

Kisha Bwana Bwanamkuu akauliza, kwa sauti ya mtu aliye msikitini:

"Sasa hili lamngoya nani?"

"Mama yangu," Mzee alisema.

Hapo ndipo tuliposikia. Mwaka 1962 Mama Tapsubei aliugua, ikaamuliwa apelekwe hospitali Nakuru kwa treni ya jioni. Baba yake alimbeba Hillary mabegani hadi kwenye jukwaa la stesheni. Mama alikaa dirisha la tatu. Treni ilikaa pale kwa dakika kumi na mbili, ikingoja nyingine ipite, na katika dakika zote hizo taa iliwaka na mtoto alimwona mama yake vizuri kuliko alivyowahi kumwona nyumbani kwa koroboi. Alikuwa amefunga kitambaa cha rangi ya majani. Alicheka naye kupitia kioo, akapiga pumzi juu yake, akachora kwa kidole mbuzi mwenye pembe ndefu mno. Kisha treni ikaondoka. Hakurudi.

"Uso wake ninao wa dakika zile kumi na mbili tu," Mzee alisema. "Taa ingezima, nisingekuwa nao."

Bwana Bwanamkuu alifuta macho, na alipoulizwa akasema ni vumbi. Jepchirchir, aliyekuwa na miaka ishirini na sita na ambaye siku zote alimwona baba yake kama mtu mwema lakini wa mbali, alikwenda akakaa karibu naye. Tangu siku ile walizungumza.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Treni ilijengewa meza yake. Watoto wa shule kutoka Tchundwa na Mokowe, ambao hawakuwa wameona treni isipokuwa kwenye vitabu, walikuja kwa zamu na kukaa sakafuni. Mmoja alimuuliza Mzee abiria wanakwenda wapi. Mzee alimjibu kwamba hajawahi kuwauliza, kwa kuwa wanaonekana wametulia. Alifunga dikoda katika behewa la pili mwaka 2014. Alipanga kuyamaliza yote manne baada ya kustaafu.

Mwaka 2019 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari aliuita ugonjwa wa Parkinson. Mzee aliupokea kimya, lakini hakuupa nafasi mezani. Alifunga kiwiko chake kwenye mguu wa meza kwa kanga ili kitulie, akaendelea. Bi Radhiya alijitolea kumsaidia, naye akamkatalia kwa ukali ambao hatukuuzoea. "Mkono haujafa," alimwambia. "Ukifa nitakuita."

Tarehe 21 Machi 2021 alilifungua behewa la kwanza ili akaze waya uliolegea. Ncha ya chombo cha kuchomea solda iliruka. Ikakata waya wa kijani, mwembamba kama unywele, na kugusa dikoda. Dirisha la tatu likazima. Alijaribu siku nne. Siku ya tano akaifunika meza yote kwa shuka, na kwa miaka miwili hakuna aliyeruhusiwa kuifunua. Hata kitambaa cha asubuhi aliacha. Mama Nerea anasema ugonjwa haukumzeesha Mzee kama lile shuka.

Jepchirchir alihama kutoka Eldoret akarudi nyumbani mwezi wa Mei 2023 kusaidia kumtunza. Jumamosi moja alikwenda Lamu mjini bila kumwambia mtu, akasimama mbele ya duka la Bi Radhiya.

"Alikufukuza, najua," alisema. "Nimekuja kukuomba uje ufukuzwe tena."

Bi Radhiya alifunga duka saa ileile. Alikuja na kioo chake cha kukuza, kile cha kutengenezea simu, akaingia sebuleni, akaamkia. Mzee hakugeuza kichwa.

"Nani amekuita?"

"Sikuitwa, Mwalimu. Nimekuya kuuliza jambo, nirudi zangu. Waya wa kijani wenda wapi?"

Mzee aligeuza kichwa.

"Maana kitabu chasema kijani ni wa taa za ndani," Bi Radhiya aliendelea. "Lakini wewe wajua hukufuata kitabu."

"Sikufuata," Mzee alisema. "Kijani ni wa dirisha. Wa vyumba niliuweka kwenye zambarau."

"Mbona zambarau?"

"Kwa sababu uko upande wa pili wa dikoda. Ungepita karibu na paa. Njoo, nikuonyeshe. Hapana, usivute shuka hivyo, utaangusha stesheni!"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Jumamosi, kwa miaka miwili na nusu, Bi Radhiya alishika solda na Mzee alishika maneno. Dikoda za aina ya zamani hazikupatikana tena, wakabishana kuhusu mpya. Bi Radhiya alitaka ya kuendeshwa kwa simu. Mzee alisema simu ni ya kuzungumzia. Walikubaliana kwa ile inayowasha taa polepole, kwa sekunde tatu, kwa kuwa Mzee alikumbuka kwamba taa za kweli za behewa hazikuwaka kwa kushtuka. Dirisha la tatu lilirudi tarehe 9 Desemba 2023. Behewa la tatu lilikamilika mwaka 2024. Mara nyingine Bi Radhiya alipima, akataja namba, na Mzee akamwambia apime tena, akapima tena, na namba ikawa ileile, na Mzee akafurahi kama kwamba ilikuwa nzuri zaidi ya mara ya kwanza. Mtu aliyepita barabarani angesikia sauti mbili zikinong'ona kuhusu waya na kudhani ni watu wanaosoma dua.

Mwezi wa Septemba mwaka huu Mzee alipata homa ya mapafu. Alilazwa kwa siku kumi na moja, akatunzwa vizuri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wengi wao wakiwa waliofunzwa kazi na Mama Nerea. Aliomba arudishwe nyumbani. Ndugu wa Londiani walimpigia simu kumuuliza kwa upole kama angependa kupelekwa kwao wakati ukifika. Alijibu kwa taabu, lakini aliyeshika simu alisikia: "Kwetu ni kwa Nerea."

Jumatano, tarehe 5 Novemba, Bi Radhiya alileta behewa la nne. Alikuwa amelimalizia dukani, kwa kuwa Mzee hakuwa tena na nguvu ya kukaa. Ilikuwa saa tano ya mchana. Kitanda kilikuwa kimesogezwa sebuleni kando ya meza. Treni iliwekwa relini, mabehewa yote manne, kwa mara ya kwanza. Crispus alikwenda kufunga pazia ili baba yake azione taa vizuri.

"Acha," Mzee alisema.

"Baba, kuna jua, hazitaonekana."

"Taa nimeziona. Acha wazi." Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Nataka kuwaona nyinyi."

Basi treni ilizunguka katika mwanga wa mchana, na hakuna aliyeitazama. Mzee alimtazama Mama Nerea, kisha Jepchirchir, kisha Crispus, kisha Bi Radhiya, bila haraka, mmoja baada ya mwingine. Bwana Bwanamkuu alikuwa amesimama mlangoni, na Mzee aliinua kidole ili asogee karibu, aingie na yeye. Alifariki siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Nerea akiwa amemshika mkono. Anasema ulikuwa umetulia kabisa.

Mzee Hillary Kiprono Sang amemwacha mkewe mpendwa, Mama Nerea Atieno Sang, watoto wawili, Jepchirchir na Crispus, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, Rael, na mdogo wake, Wesley, ambao wamesafiri siku mbili kufika hapa. Amemwacha rafiki yake Bwana Bwanamkuu wa Matondoni. Amemwacha mwanafunzi wake Radhiya, ambaye Mama Nerea ameagiza jina lake lichapishwe kwenye orodha ya watoto. Mchapishaji hakulipata agizo hilo mapema. Kwa hiyo nalisoma sasa kama lilivyopaswa kuandikwa: ameacha watoto watatu, Jepchirchir, Crispus na Radhiya.

Baba, asante. Mungu akupe pumziko lake, nasi atupe amani ya kukuachilia.